Khulinjani ya Arobaini

Bi Mabruka aliposhuka kwenye gari la moshi la kutoka Mombasa, mwezi wa Juni mwaka wa themanini na tisa, alikuwa na kikapu kimoja cha nguo na viwili vya viungo. Aliyempokea stesheni alikuwa Amin, mtoto wa kaka yake, karani katika ofisi ya bima mjini Nairobi. Amin ndiye aliyevibeba vikapu vyote hadi nyumbani mtaa wa Satellite, na hivyo akashuhudia kwa mabega yake mwenyewe ni jambo gani hasa lililomleta shangazi yake bara. Halikuwa kumwona yeye.

Zena, mkewe Amin, alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa zimekaribia. Mama yake mzazi alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo kazi ya kumlea katika arobaini ilimwangukia Bi Mabruka, naye aliipokea kama jaji anavyopokea joho. Kwa desturi ya kwao pwani, mzazi hukaa ndani siku arobaini baada ya kujifungua. Hagusi maji baridi, hainami kufagia, hatoki mlangoni, na kila siku hunywa supu yake: kuku wa kienyeji, samli, pilipili manga ya kutosha kumliza askari, na khulinjani.

Khulinjani ilisafiri juu kabisa ya kikapu, imefungwa katika kipande cha leso kama mgeni wa heshima. Ni mzizi wa ukoo wa tangawizi, lakini ni yule ndugu asiyecheka. Ngozi yake ni ya hudhurungi iliyoiva kuelekea wekundu, ina pete pete, na ukikauka huwa mgumu kama kuni. Harufu yake hupanda puani kwa ukali na kushuka taratibu kama utomvu wa msonobari. Wasomaji wa Kurani hutafuna kipande chake ili sauti ifunguke, wazee hukitia kwenye kahawa, na aliyejaa tumbo huchemshiwa akanywa kama chai. Lakini cheo chake kikubwa ni katika supu ya mzazi. Bi Mabruka aliyaeleza yote hayo jioni ya kwanza, akimkazia macho Amin, ambaye alikuwa ameuliza kwa adabu kama kile kipande ni cha kuwashia jiko.

Amin ndivyo alivyokuwa. Shule ya bweni ilikuwa imemfundisha hesabu, historia na namna ya kufanya mzaha na uso ukiwa mkavu. Ndiye aliyeandaa mazishi ya sufuria kuu ya maharagwe siku ilipotoboka, akatangulia mbele ya waombolezaji akiwa amejifunga shuka, akasoma wasifu wa marehemu kwa kirefu mpaka mwalimu wa zamu akacheka, kisha akamchapa. Tangu hapo hakuwa amekutana na jambo lolote zito ambalo halikupungua uzito kidogo alipolitania.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Julai, katika ile baridi ya Nairobi inayoingia mifupani na kupanga humo. Alikuwa msichana. Amin alimwadhinia sikioni alfajiri, na adhuhuri ikamkuta bado yuko. Alasiri haikumkuta. Madaktari walisema mapafu. Jioni hiyo hiyo Amin alimbeba mikononi hadi makaburi ya Kariokor, mzigo mwepesi kuliko kikapu chochote cha shangazi yake, na walipomaliza kufukia, mzee mmoja alimgusa bega akamwambia aseme neno kama analo. Hakuwa nalo. Yule aliyeizika sufuria kwa hotuba alisimama akitazama viatu vyake vyenye udongo, mpaka watu wakaona haya kwa niaba yake wakaanza kuondoka.

Wanawake wa msikitini na wa mtaani walikaa matanga, wakatandua mikeka, wakaenda zao. Ndipo Bi Mabruka alipotoa hukumu.

Hakuitoa kwa ubaya. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha Zena, akamshika mguu juu ya blanketi, akaeleza. Khulinjani huchemsha damu na kuleta maziwa. Maziwa yakija na mtoto hayupo ni mateso juu ya mateso. Kwa hiyo supu hapana. Afunge kifua kwa leso, akaze sana, anywe chai ya rangi, na kadiri atakavyoinuka mapema ndivyo moyo utakavyosahau mapema. Arobaini ni ya kumlinda mama na mtoto, na hapa hapakuwa na mtoto, basi arobaini ya nini? Sala alisamehewa, kwa kuwa damu ya uzazi bado ilikuwa inatoka. Hivyo Zena akawa mzazi mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini mbele ya sufuria hakuwa mzazi.

Bi Mabruka alifunga vikapu vyake, viungo na vyote, akapanda gari la moshi kurudi Mombasa. Stesheni alimkumbatia Amin kwa muda mrefu, na alilia. Amin alitaka kumwambia kwamba amesahau kuacha hata punje ya pilipili manga, lakini badala yake akampandishia vikapu vyake garini.

Maziwa yalikuja. Yalikuja bila supu, bila khulinjani, bila ruhusa ya mtu. Amin alirudi kutoka kazini akamkuta Zena amekaa sakafuni, leso imelowa kifuani, mgongo ameuegemeza kwenye kitanda kidogo cha mbao walichokinunua Dagoretti Corner na ambacho hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kukiondoa. Alikuwa halii. Kwa siku kadhaa sasa alikuwa halii, na pia hali chakula. Chai aliiacha ipoe mpaka ikafanya utando. Wali aliupanga upande mmoja wa sahani, kisha upande wa pili.

"Yamekuja," alisema.

Amin alichuchumaa kando yake.

"Kifua nimefunga, chai ya rangi nimekunywa, na yamekuja. Sasa hebu niambie, Amin. Ile supu nilinyimwa kwa sababu gani?"

Alijaribu kusema kwamba shangazi alitaka kumpunguzia maumivu, na Zena akakubali kwa kichwa, kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma vibaya.

"Nimezaa," akasema. "Mimi nimezaa. Nipikie supu ya mzazi. Usiponipikia hiyo, kingine sikitaki."

Na hakuwa anatishia tu. Keshoye hakula, na siku iliyofuata alipoinuka kwenda msalani alishika ukuta wote wa ukumbini.

Ghorofa ya chini aliishi Kalekye, mwalimu wa sayansi kimu katika shule moja ya wasichana, mwanamke mwenye sauti ya kupanga foleni. Zamani kidogo alikuwa ameanza kumwita Zena Mama Mtoto, akingoja jina kamili lipatikane. Sasa hakujua amwite nani, kwa hiyo alikuwa akipanda ngazi na bakuli la uji wa wimbi na mayai ya kuchemsha, akaviweka mlangoni, na kusema tu, "Hodi, ni mimi." Mayai yalirudi na maganda yake.

Amin alimwendea kwa ushauri. Aliuliza kama huo mzizi una chochote cha maana ndani yake, au ni mambo ya wazee. Alitumaini, kwa kweli, kuambiwa ni mambo ya wazee, apumzike.

Kalekye alifikiri kwa haki. Alimwambia mwenye kuzaa amepoteza damu, na damu hujengwa na maini, maharagwe, mboga za kijani na mayai kama yale aliyokuwa anarudishiwa. Mzizi wa viungo hauna damu ya kutosha hata kumlisha mbu. Una nyuzinyuzi kidogo, una mafuta yenye harufu, hutuliza kichefuchefu na kuamsha tumbo lililolala. Lishe ya supu ile iko kwenye kuku na samli.

"Basi nimpikie kuku tu, bila huo mzizi," Amin akasema.

"Kuku utampikia," Kalekye akajibu. "Atakula nani? Wewe? Wewe mbona umenona?" Kisha akashusha sauti. "Mtu asiyekula, baba, chakula chake cha kwanza ni kile anachokitaka. Tafuta huo mti wenu."

Mti wao haukuwa unapatikana Satellite, wala Kawangware, wala Dagoretti Corner, ambako mama mmoja wa mboga alimpa tangawizi na kumhakikishia kwamba zote ni mamoja. Jumamosi Amin alitoka ofisini mchana akatembea kutoka katikati ya mji, akavuka mto, akapanda hadi Ngara, kwenye maduka ya viungo. Aliingia la kwanza lenye harufu. Lilikuwa la Kirit, mzee wa Kigujarati aliyekaa nyuma ya droo amevaa sweta la kijivu na soksi nene ndani ya ndara, akisoma gazeti. Aliyeuza hasa alikuwa mkewe, Kamla, mwanamke mfupi mwenye bangili nyingi, aliyejua kila gunia kwa kuligusa.

Amin aliagiza khulinjani. Akaagiza pilipili manga, tangawizi kavu, mdalasini, na samli safi.

Mwenye duka la viungo husoma kikapu cha mteja kama wengine wanavyosoma uso. Bizari na hiliki nyingi, hiyo ni harusi. Ubani na udi, hiyo ni dua. Kamla aliviangalia vitu vilivyokuwa juu ya kaunta, akamwangalia Amin, kijana mwenye tai na macho yasiyolala, na uso wake wote ukachanua.

"Mama amepata mtoto," akasema.

Haikuwa swali. Amin alifungua mdomo. Alikuwa na jibu, tena lilikuwa fupi, neno moja lingetosha. Wakati huo huo Kirit aliteremsha gazeti akatabasamu, naye akiwa na meno machache, na Amin akaona kwamba mahali hapa, katika duka hili lenye vumbi la manjano, ndipo pekee Nairobi nzima ambapo mtoto wake alikuwa bado hajafa.

"Ndiyo," akasema.

"Kijana ama msichana?"

"Msichana."

"Mzuri?"

"Mzuri sana."

Hakusema uongo hata mmoja. Aliendelea kujibu kweli tupu mpaka jasho likamtoka. Nywele? Nyingi. Anafanana na nani? Na mama yake. Analia sana? Hapana, halii. Kamla aliinua mikono akasema ni bahati, watoto wake wote walilia hadi wakaota meno. Kisha akapotea nyuma ya pazia, akarudi na mkebe wa bati, ule wa biskuti, umefungwa kwa kitambaa.

Ndani mlikuwa na vipande vyeusi vya mraba vinavyong'aa samli. Kwao pia, alieleza, mwenye kuzaa hukaa ndani siku zake na kulishwa, na hii ndiyo anayolishwa: sukari guru, lozi, nazi, ufuta, unga wa viungo visivyo na idadi, na hiyo hiyo khulinjani, imesagwa. Alikuwa amempikia binti yake aliyejifungua wiki ileile Parklands, na nyingine ikabaki. Kipande kimoja asubuhi, na maziwa ya moto.

"Ya mama, sikia," akamwonya, akimpokonya mkebe kabla hajaushika vizuri. "Baba ukila, wewe ndio utanyonyesha."

Kirit alicheka mpaka akakohoa. Amin naye alicheka. Alikipata kicheko mahali fulani, akakitumia, akatoka nacho nje, na alipofika kwenye ukuta wa kwanza akauegemea kwa mkono mmoja, akatapika.

Nyumbani aliuficha mkebe juu ya kabati la jikoni, nyuma ya sufuria za harusi ambazo hazikuwa zikitumiwa. Kuwapelekea wafiwa peremende za pongezi! Shule ya bweni nzima, pamoja na vichwa vyake vibaya kabisa, haikuwahi kubuni mzaha mbaya kama ule, na yeye ndiye aliyeubeba mpaka nyumbani kwa mikono yake.

Akavua tai, akapika supu.

Ikumbukwe kwamba Amin hakuwahi kupika chochote kilichohitaji akili. Khulinjani aliigonga kwa mchi, ikaruka ikampiga paji la uso. Akaifunga katika kitambaa cha sahani, akaipiga kwa nyundo. Na kwa kuwa alijua tangawizi hutiwa kwa ukarimu, na huyu ni ndugu yake tangawizi, aliitia yote. Sufuria ilichemka saa nzima. Ukungu wa harufu ulijaa nyumba, ukapenya chini ya mlango, na Kalekye akagonga kutoka chini kwa mpini wa ufagio, akiuliza kama wanapaka mbao rangi.

Zena aliinuka kitandani mwenyewe alipoisikia harufu ile. Alikuja hadi mezani, akaketi, akajifunika leso mabegani. Amin alimwekea bakuli, akasimama nyuma yake kama mhudumu wa hoteli kubwa. Zena alichukua kijiko kimoja. Alikishika mdomoni kwa muda. Alikimeza. Akaweka kijiko chini, na midomo yake ikaanza kutetemeka, na kwa dakika moja Amin alidhani anacheka, akafurahi.

"Umechemsha kabati," Zena akasema, na machozi yakamshuka, ya kwanza tangu hospitali. "Mama yangu angalikuwepo. Hata supu, Amin. Hata supu siwezi kupewa."

Alijifuta kwa leso. Akasema anataka sukari, aondoe uchungu ulimini. Amin alikuwa anatafuta la kumwambia, kwa hiyo hakuwahi kumzuia. Zena aliingia jikoni, akapapasa juu ya kabati alikozoea kuficha sukari isiliwe na sisimizi, akarudi na mkebe. Alikuwa ameshaufungua kitambaa.

"Hii nini?"

Amin alimweleza. Alitaka kufupisha na hakuweza. Alimwambia juu ya kikapu, na juu ya Kamla kukisoma, na kila swali alilomuuliza na kila jibu alilolitoa. Alipofika kwenye nywele alisita, akasema, nilisema nyingi. Alipofika kwenye kilio alisema, nilisema halii. Alisimama pale kama aliyeitwa mbele ya mwalimu mkuu, ila safari hii alitamani achapwe.

Zena alivitazama vile vipande vyeusi kwa muda mrefu. Nje mvua ya rasharasha ilikuwa inapiga mabati ya vibanda vya barabarani.

"Alikuuliza kama ni mzuri?"

"Aliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nilisema mzuri sana."

Zena alichukua kipande, akakiuma pembeni. Kilikuwa kigumu, ikambidi akitafune taratibu. Harufu ya khulinjani ilikuwepo, mbali, nyuma ya nazi na sukari guru, kama mtu anayeongea katika chumba cha pili.

"Ni mtu mmoja tu," akasema akiwa anatafuna, "ni mtu mmoja tu aliyenipongeza."

Alikimaliza. Asubuhi yake alikula kingine, na maziwa ya moto. Siku ya tatu alikula kipande na yai moja la Kalekye, na Kalekye aliyapokea maganda matupu mlangoni, na badala ya kushuka kurudi kwake akapanda ngazi, akajikuta ghorofa ya tatu. Haikuwa furaha. Kifua kiliendelea kumuuma, kisha kikaacha, na siku kilipoacha alilala kutwa nzima ameelekea ukutani. Lakini alikuwa anakula.

Mkebe uliisha. Zena aliuosha, akaukausha, akauweka juu ya meza, na hapo pakawa na tatizo jingine, kwa sababu chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Akakanda unga akakaanga visheti, amekaa kwenye kigoda kwa kuwa miguu haikuwa na nguvu, akavijaza humo. Kisha akasema ataurudisha mwenyewe.

Amin alipinga. Alisema ataupeleka yeye, Jumatatu akitoka kazini. Alisema kuna baridi. Hakusema anachokiogopa, yaani uso wa Kamla utakapoanguka, na mkono wake utakaponyooshwa kudai kile alichokitoa kwa ajili ya mtoto aliye hai. Zena alikuwa ameshavaa buibui.

"Nani wa kunizuia?" akauliza. "Si nimeambiwa sina arobaini?"

Wakaenda Ngara Jumamosi, mvua ikinyunya. Kamla alikuwa anapima bizari. Alimwona Amin kwanza, akatabasamu, kisha akamwona Zena, kisha akatazama mikono ya Zena iliyobeba mkebe, na mgongo wake, na akatazama mlangoni nyuma yao, kama kuna mtu wa tatu anayekuja taratibu.

"Mtoto mmemwachia nani?"

Amin alikuwa ameandaa maelezo. Yalianza na samahani na yalikuwa na sehemu kadhaa, kama mdahalo wa shule. Zena hakumngoja.

"Amefariki, mama," akasema. "Aliishi asubuhi moja. Siku ile mume wangu alipokuja hapa alikuwa ameshazikwa. Hakuweza kukuambia. Mkebe wako huu. Nilikula yote."

Kirit alikunja gazeti. Kamla aliacha kijiko cha bizari hewani, na bizari ikamwagika kidogo kidogo juu ya mizani, na sindano ya mizani ikaendelea kupanda. Hakumtazama Amin hata kidogo. Kidole gumba cha mkono wake mwingine kilikuwa kimeanza kutembea juu ya pingili za vidole, moja baada ya nyingine, midomo ikisogea. Amin alifikiri anaomba.

Alikuwa anahesabu.

"Bado," Kamla akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa kali kama ya mtu aliyeibiwa. "Siku arobaini bado. Wewe nani amekuruhusu kutoka nje?"

Zena alibaki amesimama.

"Mvua hii. Baridi hii. Umezaa juzi na unatembea Ngara, miguu wazi?" Akamgeukia Amin hatimaye, na Amin akatamani asingegeuka. "Na wewe, kichwa yako iko wapi? Mzazi unaleta sokoni? Mama yako hakukufundisha?"

"Sina mtoto, mama," Zena akasema polepole, kama anayemsaidia kuelewa.

"Nimesikia. Masikio iko." Kamla alizunguka kaunta, bangili zikigongana, akavuta kiti cha mumewe huku mumewe akiwa bado anainuka. "Mtoto amekwenda. Tumbo yako imekwenda? Mgongo imekwenda? Keti."

Zena akaketi. Kamla alimwambia Kirit maneno mawili kwa Kigujarati. Kirit, mzee wa watu, mwenye duka, aliinama bila kubisha akavua soksi zake nene, moja, ya pili, akabaki na ndara juu ya vidole vilivyopauka kwa baridi. Kamla alipiga magoti juu ya sakafu yenye vumbi la viungo akamvisha Zena zile soksi. Zilikuwa bado na joto la mwenyewe. Zena alizitazama, akafunika uso kwa buibui, na mabega yakaanza kwenda juu na chini. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mteja mmoja aliingia, akaona, akatoka.

Hakuna mengi yaliyosemwa baadaye. Zena alisema maziwa yalikuja. Kamla akasema ndiyo, huwa yanakuja. Hakueleza amejuaje, na hawakumuuliza. Alipima khulinjani mpya, akamwita Amin kaunta, akamfundisha kama anavyofundishwa mtu asiyetegemewa: kipande cha urefu wa kidole gumba, si zaidi, kilowekwe kwanza katika maji ya moto kilainike, kikatwe vipande vyembamba kama karatasi, kikaangwe katika samli mpaka harufu ibadilike, ndipo kuku. Pilipili manga isagwe mwisho. Alimrudisha nyuma mara mbili ayaseme yote upya. Amin aliyasema, neno kwa neno, na hakuongeza utani wowote. Visheti Kamla alivimimina kwenye bakuli, mkebe akaujaza tena, akaufunga kitambaa.

"Usirudishe wewe," akamwambia Zena mlangoni. "Mpaka siku zako ziishe, sitaki kukuona."

Zena alirudi Satellite amevaa soksi za mwanamume mgeni ndani ya viatu vyake, akaingia moja kwa moja chumbani, akalala, akavuta blanketi hadi kidevuni. Kitanda kidogo cha mbao kilikuwa bado pale, chini ya dirisha. Amin alisimama mlangoni asijue kama akiondoe. Alifanya kama anataka kukiinua.

"Kiache," Zena akasema. "Baada ya arobaini."

Akakiacha. Akaenda jikoni, akaloweka khulinjani, akangoja ilainike huku mvua ikishika nguvu na giza la mchana wa Julai likiingia dirishani. Alikata taratibu, vipande vyembamba, akiinua kila kimoja kwenye mwanga aone kama kinapitisha. Samli ilipoyeyuka akavitia, akainama juu ya sufuria, akanusa, akangoja harufu ibadilike. Kutoka chumbani Zena aliita kwamba pilipili manga iwe nyingi.

Siku zilizobaki hazikuwa nyingi. Wakazimaliza zote.